Kunakili Jiko la Bi Sechelela

Picha yenyewe si kubwa, imezidi kidogo daftari la shule.
Jiko. Kigoda. Sufuria juu ya mafiga.
Mlango uko nusu wazi, na huko nje juani
hakuna kilichochorwa.
"Nakili," ameniambia, "usibuni.
Utabuni ukishajua kutii."

Mimi niliyekula mshahara wa rula miaka thelathini na mmoja,
mchora ramani, Idara ya Viwanja,
niliyezichora nyumba za Kizota na Nkuhungu
kwa kuzitazama kutoka juu kama mwewe,
bila bati, bila watu, bila harufu ya mboga:
ukuta ni mistari miwili, mlango ni robo ya duara,
jiko ni mraba ulioandikwa JIKO.
Leo nimekalishwa ndani ya mraba
na sijui pa kuanzia.

Nikaanza na ukuta.
Nikalowesha karatasi, nikachanganya kahawia na tone la njano,
lakini hii ni Dodoma, mwezi wa nane,
upepo unaingia bila hodi
na karatasi inakauka kabla brashi haijafika kona ya pili.
Ukuta wangu ukatoka na mishono kama shuka la viraka.
Rangi za maji, wanaziita,
mahali ambapo maji yenyewe yana ratiba:
Jumanne, na Ijumaa usiku, Mungu akipenda.
Nyemo, mke wangu, hunipimia kikombe kimoja.
"Na hicho ukimaliza, kamwagie mlimao."
Mlimao umekunywa bluu wiki nzima.
Haujalalamika.

Mara ya tatu nilichovya brashi kwenye chai.
Chai ya rangi, ya tangawizi, bado inafuka.
Nilipogutuka nimeshapaka nusu ya ukuta,
na ndio ukuta pekee uliofanana.

Nikamwuliza mwalimu: nyeupe iko wapi humu kisandukuni?
Akacheka mpaka akashika ubavu.
"Haipo. Nyeupe ni karatasi.
Unapotaka mwanga, usipaguse."
Kumbe lile jua la mlangoni
lililonitesa tangu Jumatatu,
yeye hakulichora. Alilizunguka.
Mimi nimezoea kulipwa kwa kila mstari;
nani angenilipa kwa nisichogusa?

Kigoda ndicho kilichonishinda.
Miguu mitatu, kivuli kimoja,
na katikati ya kiti ung'avu mdogo
pale mti ulipolainika kwa kukaliwa.
Pembeni mwa ndoo kata inaning'inia,
ina tone moja ambalo halijadondoka.
Mtu ameinuka sasa hivi.

Nikaweka brashi chini. Nani?

Bi Sechelela alikuwa akiosha zake.
Akazikung'uta moja moja, akazilaza kwenye kitambaa.
"Mwaka ule nilikuwa siwezi kuchora watu.
Nikimweka mama, anatoka kama gunia la mtama.
Basi nikamwambia, mama, hebu toka nje kidogo,
nimalize jiko."
Akafunga kisanduku, kikagoma, akakigonga kwa kiganja.
"Mkono ulipokuja kutulia,
hakuwepo tena wa kumwita aketi."

Nakala yangu iko hapa mezani.
Mguu mmoja wa kigoda ni mfupi, figa moja limevimba,
na mlango nimeuchora mpana mno,
sentimita mbili nzima, mimi,
niliyewahi kumrudisha kijana kazini kwa milimita.

Nyemo ameitazama akiwa amesimama,
mikono imejaa unga wa uwele.
"Huu mlango," amesema,
"mbona hata mwenye mzigo wa kuni kichwani
angepita bila kuinama?"

Sikumjibu. Nimesogeza kikombe mbali na chai.
Pale mlangoni karatasi bado ni nyeupe,
na sipagusi.